Jina Lako Limetoka Katika Wimbo

Mama,

Leo nimepika sombe ya majani ya muhogo, nikakukumbuka kabla hata haijaiva.

Unamkumbuka Mulenga, yule kijana wa bendi kutoka Nchelenge, aliyekuja hapa kambini Mantapala kurekodi kwa simu wimbo wako wa kutwanga? Ulimtania kwamba gitaa lake limenenepa kuliko yeye. Ulimwimbia huku ukitwanga, na mahali pa jina ukaweka lako, Mama Feza, kwa kuwa mtwangio ulikuwa mikononi mwako. Hukumweleza kwamba jina hubadilika. Sisi tuliotoka ng'ambo ya ziwa tunajua.

Yeye hakujua. Baada ya kukuzika tukausikia wimbo una gitaa na kinanda, na jina lako limebaki pale pale. Ukapigwa sokoni Kashikishi, ukapigwa harusini, ukavuka ziwa kwa boti mpaka Kilwa, kule kwetu ng'ambo. Watu wanadhani "Mama Feza" ni mtindo wa kucheza! Nilifurahi kusikia jina lako, lakini nilikasirika pia. Nikasema hawa vijana wameukausha wimbo kama samaki. Unaujua mdomo wangu.

Nikiwa mtoto kule Pweto nilitaka kukuimba wewe tu, hata akitwanga mwingine. Ukanikataza: "Mwimbo ni ya ule anatwanga. Weka jina yake, asichoke."

Sasa sikiliza. Juzi nilipita kwa jirani, nikamkuta bibi mmoja anatwanga, amechoka, na mjukuu wake Riziki anamwimbia. Wimbo ni wako. Riziki kautoa kwenye simu, hata kile kinanda anakiiga kwa mdomo. Nikasimama kusubiri jina lako. Akamtazama bibi yake, akaimba, "Mama Zawadi." Bibi akacheka, akainua mtwangio juu zaidi. Hakuna aliyemfundisha mtoto yule, Mama.

Nililia njia nzima. Jina lako limetoka, na nashukuru. Asante kwa kumwimbia Mulenga. Yeye pia nimemshukuru, baada ya kumgombeza kidogo, na sasa akipiga harusini anauliza kwanza jina la mama wa bibi arusi, aliweke katika wimbo.

Pumzika, Mama. Nakuahidi sitakung'ang'aniza tena mahali pa mwingine. Sombe hii ya leo niliitwanga mimi, na Riziki alikuja kukaa karibu. Pale palipokuwa na jina lako, aliimba langu. Sikuchoka.

Mwanao,
Feza