Kalenda Aliyoitundika Saidi

Jumanne, 17 Aprili 2012

Mazoezi tena, saa kumi, baada ya kupalilia maharage. Kiwanja cha Kashojwa kimekauka. Vumbi hadi kwenye meno. Nimefunga kumi na saba.

Saidi alikaa pembeni na kopo lake la gololi za baiskeli. Kila nikifunga, anatupa gololi moja koponi. Nausikia mlio hata ba mama, wachezaji wenzangu, wakipiga kelele. Ndivyo mume wangu anavyonihesabia.

Kwetu Uvira sikuwahi kucheza netiboli. Nilijifunza hapa, kambi ya wakimbizi, tayari ni mke wa mtu. Pete za goli ni kazi ya Saidi, rimu mbili za baiskeli za watoto alizozichomea kwenye vyuma. Afande, mwalimu wetu, mwanajeshi mstaafu wa Mbarara, alizipima kwa kamba akasema ziko sawa.

Timu nzima ni Wakristo isipokuwa mimi. Navaa suruali chini ya sketi, na kitambaa kichwani nakifunga kwa pini nne. Mama Furaha, kapteni, ndiye aliyenipa jina la Mama Suruali. Sikasiriki. Nikifunga goli yeye ndiye wa kwanza kunibeba.

Yule msichana wa Kisomali, Nasra, alikuja tena kutazama. Anasimama nyuma ya mstari. Mpira ukitoka anaurudisha kwa mikono miwili, vizuri. Hajaomba kuingia.

Alhamisi, 3 Mei 2012

Saidi amerudi kutoka Mbarara na spoki za kuuza, na raba nyeupe. Zangu. Sikuamini. Nimezivaa juu ya mkeka na kuzunguka chumba, naye anacheka kimyakimya kama kawaida yake, mabega yanatikisika tu.

Nilitaka kuzivaa kesho mazoezini. Amekataa. "Hizi si za vumbi la hapa. Utazivaa Mbarara."

Afande anasema tutakwenda kucheza na wake za askari, kwenye kiwanja cha kambi ya jeshi. Siku haijulikani bado.

Saidi analalamika kichwa. Nimemchemshia chai ya tangawizi.

Jumatatu, 7 Mei 2012

Saidi amefariki. Homa ya siku tatu. Alfajiri.

Wamemzika kabla ya magharibi. Jioni mwezi umetoka mzima, mviringo kabisa. Nimeuona nikiwa mlangoni. Sijui kwa nini naandika hilo.

Jumatano, 16 Mei 2012

Niko eda. Miezi minne na siku kumi. Sitoki ila kwa shida ya lazima. Hakuna hina, hakuna manukato, hakuna nguo ya rangi. Mama mkwe amehamia kwangu kutoka Rugaaga ili tukae pamoja. Yeye alizaa watoto sita, Saidi alikuwa wa mwisho kubaki hai. Hasemi mengi. Anachambua mchele ambao tayari ni safi.

Ameniambia nihesabu mimi. "Wewe ndiye ulisoma, mwanangu. Mimi nitafuata."

Nimesimama mbele ya kalenda ya ukutani. Saidi ndiye aliyeitundika, kwa spoki aliyoipinda. Nimehesabu kwa kidole: Mei saba, Juni saba, Julai saba, Agosti saba, Septemba saba. Halafu kumi. Nimeizungushia tarehe kumi na saba Septemba kwa kalamu nyekundu.

Nimerudia mara mbili. Hesabu nilikuwa naipenda shuleni.

Jumanne, 5 Juni 2012

Miguu inauma kwa kukaa. Sikujua kukaa kunauma hivi. Magoti yamevimba kama ya mzee. Usingizi hakuna. Zamani nilikuwa narudi mazoezini, naoga, nalala kama jiwe.

Leo nimekunja soksi za Saidi nikafanya mpira. Nimetundika beseni la plastiki kwenye msumari, nikarusha. Nane kati ya kumi. Mama mkwe amekaa anatazama. Nilidhani atanigombeza. Ameuliza tu kama hizo ni soksi za mwanawe. Nikasema ndiyo. Akasema tusizifue.

Jumatano, 11 Julai 2012

Afande amekuja mwenyewe na filimbi yake shingoni. Amekaa kwenye kigoda, amekunywa maji, ametoa pole mara tatu. Kisha akasema siku imepatikana. Jumamosi, tarehe kumi na tano Septemba.

Nimegeuka kuitazama kalenda. Sikuhitaji kuitazama.

Siku mbili. Siku mbili tu kabla ya duara jekundu.

Amenieleza jambo lingine. Watu wa Mbarara watatoa sare, sketi fupi nyeupe. Yeye amewaambia ana mchezaji wa suruali na kitambaa. Wakamjibu amlete acheze, refa amwone uwanjani, aone kama kuna tatizo. Akikubali, itaandikwa kwenye karatasi ya sheria za mashindano, na kuanzia hapo yeyote ataruhusiwa.

"Mimi nataka wewe, mama," alisema. "Sheria haiwezi kuangalia mutu ambaye haiko."

Nje ya ua alikuwa amesimama Nasra. Afande anasema baba yake amekubali acheze, lakini si kwa sketi fupi. Anasubiri hiyo karatasi. Msichana ananisubiri mimi.

Nimemwambia Afande niko eda. Hajui eda ni nini, lakini anajua amri ni nini. Amesimama, amenipa mkono, ameondoka.

Jumamosi, 21 Julai 2012

Tumeanza kufunga. Jana jioni mama mkwe na mimi tulisimama uani kuutafuta mwezi. Macho yake hayaoni tena kitu chembamba hivyo. Nimemshika kidevu nikamwelekeza. Amesema ameuona. Sina hakika.

Mwaka jana Saidi alikuwa anafuturu kwa ndizi moja kwanza, amesimama, ili awahi kwenda kunitundikia pete iliyolegea.

Jumapili, 19 Agosti 2012

Idi. Mwezi ulikuwa wa siku ishirini na tisa tu. Mama mkwe ameshukuru, alikuwa amechoka sana. Majirani wameleta pilau kidogo. Wote wananiuliza natoka lini. Tarehe kumi na saba, nawajibu. Wanasema imekaribia.

Sikuvaa nguo mpya. Nimechukua raba, nimezifuta. Hazina uchafu wowote.

Kumi kati ya kumi kwenye beseni. Sikufurahi. Mama mkwe ndiye anaokota soksi sasa na kunirudishia. Wakati mwingine analitoa beseni kwenye msumari analishika juu yeye mwenyewe, anasema msumari uko chini mno, netiboli si ya watoto.

Jumamosi, 8 Septemba 2012

Mama Furaha amekuja na mihogo na maneno mengi. Lori litapita barabarani kwangu Jumamosi asubuhi, kisha Kaberebere, kisha Mbarara. Watarudi kabla ya giza. Ana mpango wake.

"Vala nikabu, panda mu lori, nani atakujua? Utafanana na gunia ya makala ya kupikia. Tutakukalia juu."

Nimecheka. Mara ya kwanza tangu Mei. Halafu nikaona aibu kwa kucheka.

Nimemwambia siku hizi ni za Saidi. Si za jirani, si za shehe. Nikimwibia mbili, nimemwibia zote. Mama Furaha si mtu mbaya, alifiwa pia, wawili, njiani kutoka Fizi. Amenitazama sana.

"Siku mbili, Mama Suruali. Mungu yenu naye anaangalia kalandriye?"

Ameacha mihogo akaenda. Esperansi ndiye atakayefunga badala yangu. Ni mrefu, lakini anafumba macho akirusha.

Alhamisi, 13 Septemba 2012

Nimeamka nikiwa nimekwisha kukata shauri kwenda. Nimepiga pasi suruali kwa makaa. Nimeweka pini nne kwenye mfuko wa raba. Nimefanya yote kama mwizi.

Mama mkwe ameona kila kitu. Hakupiga kelele. Amekaa kitandani kwangu, ameshika raba moja, ameigeuzageuza. Amesema Saidi alimwonyesha raba hizi Rugaaga alipopita kumsalimu, kabla hajanionyesha mimi. Alikuwa na furaha kuliko siku ya harusi.

"Kama siku zingekuwa zimekwisha, mwanangu, ningekubebea viatu mimi mwenyewe mpaka kwenye lori. Lakini hazijakwisha. Amebaki na nini Saidi wangu, kama si hizi siku?"

Nimeikunja suruali nikairudisha kwenye sanduku. Ana haki. Tumelia pamoja, yeye upande wake, mimi upande wangu.

Jumamosi, 15 Septemba 2012

Lori limepita saa kumi na mbili na nusu. Limesimama mbele ya ua. Dereva amepiga honi mara mbili. Ba mama walikuwa wanaimba, wakaacha kuimba. Nilikuwa nyuma ya mlango, nimeshika komeo. Nimesikia Mama Furaha anasema twende.

Likaondoka.

Siku nzima sikula. Saa tisa nilijua wanacheza. Nilisikia gololi kichwani mwangu, moja moja. Kopo lenyewe liko juu ya kabati, halijaguswa.

Jumapili, 16 Septemba 2012

Wamefungwa kwa goli mbili. Mama Furaha amekuja kuniambia, sauti imemkauka. Esperansi alikosa mengi. Hakulaumu mtu. Ni mimi ninayelaumu.

Jambo la pili aliliacha mpaka anaondoka, amesimama mlangoni. Refa aliuliza yuko wapi huyo mchezaji wa suruali. Afande akasema hakuja. Refa akasema basi hakuna la kuangalia. Wameandika: sketi ya sare peke yake, kichwa wazi. Afande alibishana mpaka akaambiwa akae chini. Karatasi imepigwa muhuri. Ndiyo itakayotumika na huku kambini pia.

Nasra alikwenda nao kutazama. Mama Furaha anasema wakati wa kurudi alikaa nyuma kabisa ya lori na hakula ndizi aliyopewa.

Jumatatu, 17 Septemba 2012

Nimeoga. Mama mkwe amenimwagia maji mwenyewe. Nimevaa kitenge cha kijani.

Shehe amekuja saa nne kusoma dua, mzee wa Kirundi, mpole, ndiye aliyemzika Saidi. Baada ya dua ameuliza kwa nini tumechelewa kumwita. Alidhani tungemwita wiki iliyopita.

Nimemwambia leo ndiyo siku. Saba Mei, miezi minne, siku kumi. Nimemwonyesha duara ukutani.

Amesogea karibu na kalenda. Amekaa nayo muda mrefu, miwani mkononi.

"Hii ni miezi ya ofisi, binti yangu. Eda inakwenda na mwezi wa juu."

Amehesabu kwa vidole. Alikumbuka tulizika mwezi ukiwa kumi na tano, umejaa, alitumia mwanga wake kurudi nyumbani. Kutoka hapo, miezi minne ya mwandamo, mingine ishirini na tisa, mingine thelathini. Halafu kumi. Hesabu yake imeishia Jumatano iliyopita. Tarehe kumi na mbili.

Alhamisi nilipopiga pasi suruali nilikuwa nimekwisha kutoka eda. Jumamosi nyuma ya mlango nilikuwa huru.

Mwezi niliuona mwenyewe siku aliyozikwa. Nilikaa uani nikautafuta wa Ramadhani. Nikaandika kwa mkono wangu kwamba ulikuwa wa siku ishirini na tisa. Yote yamo humu, nimefungua kurasa nikaona. Na hesabu nikaenda kuitafuta ukutani.

Shehe amesema nimezidisha kwa nia njema, hakuna dhambi. Najua hakuna dhambi. Si dhambi inayoniuma.

Mama mkwe ametoka nje, amekaa karibu na jiko lisilo na moto.

Jumamosi, 22 Septemba 2012

Nimekwenda kiwanjani. Kwa kandambili. Raba nimeziacha kwenye mfuko.

Ba mama wamenikumbatia. Wamevaa sketi mpya, nyeupe, zimeshaanza kuwa nyekundu kwa vumbi. Afande amesema naweza kukaa pembeni nihesabu magoli kama napenda. Atajaribu tena kuongea na Mbarara, mwakani labda. Alikuwa anatazama filimbi yake, si mimi. Nasra hakuwepo. Wanasema baba yake amemkataza hata kupita huku.

Pete za Saidi zimeanza kutu pale alipochomea. Mpira ukiingia bado zinatoa sauti ileile. Nimekaa kidogo, nimeondoka kabla hawajamaliza.

Nyumbani mama mkwe aliniona uso. Amenyanyuka bila kuambiwa, ameshika beseni kwa mikono miwili, ameliinua juu ya kichwa. Amesubiri.

Nimemwambia alishushe, mabega yatamuuma. Amelishusha. Tumeosha lengalenga, mchicha wa kwetu, ndani yake, tukapika.