Niliishia Kitovuni

Alhamisi, Agosti 1996

Mvua ya mawe imeshuka mchana huu na kuchana migomba yote nyuma ya hosteli. Mimi nimeketi kitandani na koti langu jeupe bado mwilini, nimekasirika hadi chai imepoa mbele yangu. Leo ulikuwa mtihani wetu wa mwisho wa wadini. Nimepata sifuri. Sisemi alama ndogo. Sifuri, na imeandikwa kwa kalamu nyekundu huku natazama.

Sijalia. Naandika hili mapema ili nisije nikajidanganya baadaye.

Ngoja nieleze kwa utaratibu, maana kichwa kinanizunguka. Mtihani wenyewe tunauita kesi ndefu. Asubuhi unatia mkono katika bakuli la chuma, unatoa kikaratasi kilichokunjwa, na ndani kuna namba ya kitanda. Unapewa saa moja na mgonjwa wa kitanda hicho. Unamhoji, unampima kuanzia utosini hadi unyayoni, halafu watahini wawili wanakuja kusimama upande wa pili na kukuuliza maswali kwa Kiingereza hadi ulimi ukauke. Ukianguka hapo, hata kama uliwashinda wote katika karatasi za maandishi, umeanguka. Unarudia nusu mwaka, na kazi ya afisa wa kliniki unaisikia kwa wenzako tu.

Mimi sikuwa na hofu. Nitajisifu kidogo, hapa hakuna wa kunikemea. Tangu mwaka wa pili wenzangu wananiita wadini niwaonyeshe jinsi ya kushika ini, jinsi ya kusikiliza moyo. Nilitia mkono bakulini kama mtu anayechukua peremende.

Nikafika kwenye kitanda changu, nikamkuta Mzee Nyang'au.

Mzee Nyang'au ni kaka mkubwa wa baba mkwe wangu. Kwetu ndugu wa baba mkwe ni baba mkwe, haipunguzwi hata kidogo. Ndiye aliyewaongoza wazee wa Nyamira walipokuja kwetu kuniposa. Tangu niolewe sijawahi kukaa naye benchi moja. Akiingia uani mimi napitia mlango wa nyuma kwenda jikoni, na yeye akijua nipo anakohoa kutoka mbali ili nipate nafasi ya kupita. Hii ndiyo tunaiita chinsoni, heshima yenye aibu ndani yake, kati ya wazazi na watoto wao, na zaidi kati ya mkwe na mke wa mwanawe. Kumwona mzee kama huyo uchi ni jambo ambalo nyumbani halizungumzwi hata kwa mzaha.

Na Mzee alikuwa na ngiri, uvimbe wa kinenani. Nyumbani alisema anakwenda kutazamwa tumbo. Sasa nimeelewa kwa nini hakusema zaidi.

Mtu asinielewe vibaya. Mimi si mateka wa mila. Nimekula firigisi, nyama ya wanaume, mbele ya shemeji zangu wote na kujilamba vidole. Nilipoolewa nikaambiwa niache masomo, nikacheka. Mila ikinikalia kooni naitema. Lakini hii haikuwa yangu peke yangu niiteme nitakavyo. Ilikuwa ya Mzee pia, na ndiye aliyekuwa amelala chali.

Nilijaribu njia ya amani. Onyancha, mwenzangu wa darasa, alikuwa kitanda cha jirani na mchonga mawe wa Tabaka mwenye kifua kilichojaa vumbi. Kesi tamu, kila mtu aliitamani, lakini Onyancha aliposikia shida yangu akakubali tubadilishane papo hapo. Sista wa wadi akaenda kuuliza. Akarudi na jibu la mtahini mkuu, mgeni kutoka Nairobi: kura ni kura. Wakiruhusu mmoja abadilishe, kila mtu ataleta sababu yake.

Basi nikarudi. Nikamwamkia, bwakire tata, yaani umeamkaje baba, naye akaitikia akiangalia dirisha. Nilimhoji nikiwa nimesimama, sikukaa ukingoni mwa kitanda kama tulivyofundishwa. Alinijibu yote, hata yale ya kukojoa, kwa sauti ya chini na kwa maneno ya kuzunguka, nami nikayaelewa bila kumsumbua. Nikampima mapigo, presha, macho, kifua, tumbo la juu. Nikafika kitovuni. Mzee alikuwa amelishika blanketi kwa mikono miwili, vidole vimekaza.

Nikaishia hapo.

Watahini wakaja. Mgeni wa Nairobi, na pamoja naye Daktari Ombati, wetu wa hapa, aliyetufundisha upasuaji. Nilieleza historia vizuri, nilieleza nilichokiona vizuri. Mgeni akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akauliza mbona uchunguzi wangu umeishia kitovuni ilhali ugonjwa uko chini ya hapo.

Nikamwambia ukweli. Huyu ni baba mkwe wangu. Kuna wanaume wengine wawili wadi hii hii wenye ngiri, nipeni yeyote kati yao, sasa hivi, mnitazame. Au niwaeleze hatua zote kwa mdomo, moja baada ya nyingine.

"Daktari hana baba mkwe," akasema.

Hakuwa mkali. Ndicho kilichonichoma zaidi, alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemfunza mtoto. Halafu akaniuliza swali ambalo nimekuwa nalo tangu hapo. Akasema, tuseme umepelekwa zahanati ya Marani, uko peke yako, na mzee huyu huyu analetwa utumbo umejisokota, anakufa. Utaishia kitovuni?

Kabla sijajibu, Mzee akamuuliza Daktari Ombati kwa Kigusii kuna nini. Ombati akamwambia: huyu mtoto asipokupima, ameanguka mtihani.

Mzee akageuza uso ukutani. Kisha akaanza kulisukuma blanketi chini, mwenyewe, kwa mikono yake.

Sijui nitaandikaje hapa. Mtu huyu ambaye hukohoa kutoka mbali ili nisikutane naye njiani, alikuwa anajivua mbele yangu ili mimi nipite mtihani. Nikalishika blanketi, nikalivuta juu hadi kifuani pake.

"Hapana, tata. Jifunike."

Ndipo nikamgeukia mgeni nikamjibu. Sijui ujasiri ule ulitoka wapi.

"Marani ningemfunua, daktari, na nisingemwomba mtu ruhusa, kwa sababu ningekuwa namfunua kwa ajili yake. Hapa mnataka nimfunue kwa ajili yangu. Ameshapimwa, mnajua anaumwa nini, kesho anapasuliwa. Mkono wangu hautamwongezea kitu."

Akauliza, kwa hiyo unakataa? Nikasema huyu, leo, ndiyo, nakataa.

Kalamu nyekundu.

Na Daktari Ombati? Daktari Ombati aliangalia viatu vyake. Yeye ni Mgusii kama mimi. Nina hakika mama mkwe wake akiingia mahali, yeye anatafuta pa kutokea. Sentensi moja tu ingetosha, mgeni angeelewa, kwani mgeni hakuwa mbaya, alikuwa hajui. Aliyejua alinyamaza. Hasira yangu ya leo, nikiigawa, fungu kubwa ni lake.

Walipoondoka nilibaki kupanga shuka, kwa sababu sikutaka wenzangu waone uso wangu. Mzee bado alikuwa ameutazama ukuta.

"Mokamwana," akasema, yaani mke wa mwanangu. "Mimi ningekupa hiyo ruhusa."

"Najua, tata."



Saa nane, mvua ikipiga mabati hadi watu wanazungumza kwa kupaza sauti, Ombati akaniita pembeni kwenye ukumbi wa wadi. Hapo sasa Kigusii kikamtoka. Akanisifu. Akasema nimefanya kama mtoto aliyelelewa na watu, na kwamba hata yeye angeshindwa. Nikamuuliza kwa nini hakusema hayo mle ndani. Akasema mambo ya ndani yana wenyewe, nisimwingize. Kisha akanipa dawa yake. Kesho saa tatu kamati ya mtihani inakaa. Niseme nilikuwa mgonjwa. Yeye ataandika kwamba nilikuwa na homa kali tangu alfajiri, nikachanganyikiwa. Ugonjwa uko kwenye kanuni za mtihani, mila haimo. Mtu aliyekuwa mgonjwa hupewa kitanda kingine. Jumatatu nitapima mtu nisiyemjua, nitapita, mambo yataisha, na hakuna atakayekumbuka.

Nikiri jambo: nilitamani. Nilisimama pale nikaona picha yote, jina langu ubaoni, koti jipya, mama yangu akiwaambia watu sokoni. Homa! Neno dogo namna hiyo.

Nikampigia mume wangu. Anafanya kazi Keroka katika duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Kihindi, na mama mwenye duka ana moyo mzuri, huwa anamwita aje simuni. Nilimweleza yote kwa haraka. Akasema nikubali. Homa ni homa, nani atakupima kesho ajue hukuwa nayo leo? Halafu akauliza Mzee alifanya nini. Nikamwambia kuhusu blanketi. Akasema tu, fanya utakavyoona wewe. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Sasa niko hapa, na nimejiuliza kila kitu. Je, niliogopa watu wa nyumbani watasema nini? Kidogo, ndiyo. Sitajifanya malaika. Nyamira habari hufika kabla ya mwenye habari, na mke aliyemvua baba mkwe wake angeimbwa hadi wajukuu. Lakini Mzee mwenyewe aliponipa ruhusa, hofu hiyo iliisha. Hakuna ambaye angenilaumu tena, mwenye aibu ameitoa mwenyewe. Na hata hivyo sikuweza. Ndiyo maana najua haikuwa hofu.

Kilichonikera ni kwamba tangu mwaka wa kwanza tunafundishwa kumwomba mgonjwa ruhusa kabla ya kumgusa. Tumekariri, tumeandika, tumepewa alama kwa kuandika hivyo. Halafu siku ya mtihani mgonjwa anageuka ubao wa darasani. Unafunuliwa, unafutwa, anayefuata aje. Siku za mtihani nimeona mama mmoja akibonyezwa tumbo na wanafunzi hadi akaacha kulalamika, akawa anaangalia dari tu. Wote tulipata alama nzuri siku ile, nami nikiwemo.

Na hii homa ya Ombati. Nikiisema kesho, bakuli litabaki vile vile. Mwakani msichana mwingine atatia mkono, atatoa kitanda cha baba mkwe wake, kwa sababu huku kwetu, kutoka Marani hadi Keroka, sote tumeoana na hospitali ni moja. Naye itabidi apate homa. Na anayemfuata homa. Wataanza kushangaa kwa nini wasichana wa Kisii wanaugua kila Agosti.

Tena, nikisema nilikuwa mgonjwa, itakuwa blanketi lile halikuvutwa na mtu mwenye akili zake. Itakuwa ni mambo ya kuchanganyikiwa. Mzee aligeuza uso ukutani kwa ajili yangu, na mimi niseme sikujua nilichokuwa nafanya?

Hapana.

Nitaliloweka koti usiku huu, nitalipiga pasi asubuhi. Saa tatu nitaingia mbele ya kamati kabla Ombati hajafungua mdomo. Nitawaambia wanipeleke kwa mgonjwa yeyote wa ngiri nisiyehusiana naye, mwenye kukubali, waje wote wasimame, hata mpishi akitaka aje, nami nitampima kutoka utosini hadi unyayoni bila kuruka kitu. Nitawaomba pia waongeze jambo moja kwenye kanuni zao: mwanafunzi akimkuta mtu wake kitandani, arudishe kikaratasi bakulini achukue kingine. Haitawagharimu chochote.

Huenda wakakataa. Mgeni anarudi Nairobi kesho mchana na watu wenye safari hawapendi hotuba. Wakikataa nitarudia nusu mwaka, wenzangu wakipangiwa vituo mimi nikiwa bado nachemsha uji wa hosteli. Nitaumia sana, nalisema wazi. Nimeusubiri mwisho huu kwa miaka.

Lakini wakiniuliza kilichotokea leo, sitasema homa. Mimi sikuwa mgonjwa. Pale kitandani mgonjwa alikuwa mmoja tu, na nilimtunza.