Sufuria Moja na Mafuta ya Linda

Mheshimiwa mshauri,

Mafuta si adui wa mwili, na dai hili nitalitetea mbele ya mtu yeyote. Bila mafuta ubongo wa mtoto haukui ipasavyo, mishipa ya fahamu hukosa kifuniko chake, na vitamini zilizomo katika chinsaga, mboga tunayojivunia hapa Nyamache, hupita tumboni bila kufyonzwa vyema. Mimi ni wa kwanza katika ukoo wetu kupata shahada, nayo ni ya sayansi ya lishe, hivyo sisemi maneno ya kuokota.

Kinachoniuma ni hiki: daktari alimwonya mama yangu kwamba kolesteroli yake imepanda, apunguze mafuta, nami nikaunga mkono, lakini dada yangu Kemuma, anayetupikia sote, akayafukuza mafuta jikoni kabisa, maziwa akayaengua malai, maparachichi yanayoanguka nyuma ya nyumba akampa ng'ombe, na bintiye Linda, ambaye hajatimiza miaka miwili, anakula ugali na chinsaga ya kuchemshwa tu, na kliniki imesema uzani wake umeshuka. Nilipomwomba ampikie mtoto kando, aliniuliza, "Sufuria mbili kwa nyumba moja? Unataka watu waseme nimekosana na mama?" Maana kijijini kwetu binti anayepika kando na mamake amekwisha kutangaza ugomvi. Basi Sabato iliyopita, wageni wa kanisani wakiwa mezani, nilisimama nikaeleza kwa ufasaha, kuanzia utando wa seli hadi homoni, Kemuma akasema, "Wewe Mose, hiyo digrii yako imewahi kuosha hata kijiko?" Wakacheka, mama pia, na tangu hapo Kemuma haniruhusu hata kumlisha mtoto.

Nina haki au sina? Nijibu humu gazetini, hadharani, Kemuma naye asome.

Mose, Nyamache

Mose mwanangu,

Una haki, na Kemuma asome hivyo. Mtoto wa umri wa Linda hanyimwi mafuta kwa sababu ya kolesteroli ya nyanyake. Onyo la daktari lilikuwa la mtu mmoja, nanyi mmelipikia nyumba nzima. Jivunie shahada yako; hata mimi najivunia kijana wa kwetu anayeyajua hayo. Lakini ulimsomea dadako mashtaka mbele ya wageni, ilhali alikuwa akimlinda mama yenu. Ulishinda mjadala gani, ikiwa mtoto aliinuka mezani bila tone la mafuta?

Tena hukumsikia. Alichokataa Kemuma ni sufuria ya pili. Basi sufuria ibaki moja. Apike bila mafuta kama apikavyo, apakue, kisha katika bakuli la Linda pekee atie kijiko cha mafuta ya kupikia au aponde parachichi. Maziwa ya mtoto yatengwe kabla ya kuenguliwa. Jirani gani atachungulia bakuli? Na mama amuulize daktari wake, maana kupunguza si kufuta, na mafuta ya parachichi si sawa na ya nyama.

Nenda jikoni leo, pasipo mgeni yeyote, umwambie, "Dada, nilikuaibisha, nisamehe." Useme hivyo tu, bila kuongeza mhadhara. Uzani kushuka kunaweza kuwa na sababu nyingine, kwa hiyo mrudisheni Linda kliniki wiki hii. Wewe umbebe, Kemuma azungumze, nawe unyamaze mpaka uulizwe.