Mbuzi Aliyevaa Kofia

Kapsoya, 3 Machi 2025

Kwako Baba,

Habari ya Soy? Mimi naendelea. Shangazi Nekesa anakusalimia, anasema mahindi uliyotuma yamefika.

Nimeshafanyiwa ile tiba ya stima kichwani mara tatu. Wanakulaza kwa dawa kwanza, husikii kitu. Baba, jana nilikula ugali bila kuombwa. Nikaoga. Ile hamu ya kufa imepungua kelele.

Shida ni nesi Joyline. Ananisomea maneno kumi na tano, baadaye nayarudia, aone kama akili inapotea. Nilipata saba. Anasema ikizidi kushuka, daktari huenda akasimamisha. Wakisimamisha nitarudi kule nilikokuwa, na kule unakujua, wewe ndiye uliyevunja mlango. Maneno ni yale yale kila mara. Nimeyachungulia kwenye karatasi yake, nikayaandika nyuma ya hii. Nisaidie kama ulivyonisaidia darasa la nane.

Sukari amezaa?

Binti yako,
Nanzala

*

Soy, 6 Machi

Nanzala mama,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mgongo wangu tu ndio unaniongelesha asubuhi. Naona heri barua, maana kwa simu unasema "niko sawa" na kukata.

Mtihani wenyewe nimeuangalia. Mimi shule niliachia darasa la sita, lakini maneno kumi na tano hayanishindi. Usiyakariri, yape hadithi. Mbuzi amevaa kofia, anavuka daraja na sufuria kichwani, anamdai fundi jembe lake. Endelea hivyo mpaka mwisho. Isimulie usiku na asubuhi.

Sukari amezaa ndama jike, mwekundu, doa jeupe kwa paji. Mpe jina wewe.

Baba yako

*

Kapsoya, 15 Machi

Baba mpendwa,

Hamjambo huko? Mimi niko poa kabisa.

Nimepata kumi na tano. Yote, kwa mpangilio. Joyline aliangalia karatasi yake, akaniangalia, akasema hajawahi kuona. Daktari amesema tuendelee hivyo hivyo mara tatu kwa wiki.

Juzi nilitumwa chumvi, nikasimama barabarani nisijue duka liko upande gani. Shangazi akanifuata na leso ya jikoni mkononi. Tulicheka. Yeye alicheka kidogo.

Nasikia mvua imeanza. Sukari amezaa?

Binti yako

*

Soy, 17 Machi

Mwanangu,

Nakusalimu. Afya yetu si ya kuulizwa leo.

Habari ya ndama nilikuandikia tarehe sita. Jumanne kwa simu nikakuambia tena, ukacheka, ukamwita Kofia. Mama yako alikusikia. Sasa unaniuliza kama ng'ombe amezaa.

Nimezunguka boma tangu jana. Mimi nimefunga mshale wa mafuta ya trakta usome tangi limejaa, halafu nikakutuma ulime. Huyo nesi hakuwa anakuwinda, mama. Alikuwa anakuchunga, na mimi nikamfumba macho.

Jumatano nitakuja mwenyewe. Nitamwambia mbuzi ni wangu. Ukinikasirikia, sawa. Heri unikasirikie ukiwa unanikumbuka.

Baba yako

*

Kapsoya, 2 Aprili

Kwako Baba,

Mgongo umepoa? Mwambie Mama sweta imenitosha.

Ulipoondoka hapa nilikukasirikia siku nne. Shangazi anasema tano, basi mwamini yeye.

Hawakusimamisha. Daktari amepunguza iwe mara mbili kwa wiki, na stima sasa inapita upande mmoja wa kichwa. Anasema mengi yatarudi nikimaliza, ila ya siku hizi mengine yanaweza kupotea kabisa. Hakunificha. Joyline ameleta maneno mapya, akasema haya usimpelekee Mzee. Nimepata sita. Nikakaa nikingoja ile aibu ya kufeli, haikuja. Nikaenda kula.

Hamu ya kufa bado iko mbali. Hiyo ndiyo naiangalia kila asubuhi kabla ya kitu kingine.

Baba, kuna ndama, sivyo? Nimesoma barua zako, ameandikwa humo, lakini simwoni. Kama ulishaniambia, niambie tena. Anza na rangi.

Binti yako,
Nanzala