Pete ya Fedha ya Mwanaesha

Kibokoni, Mombasa
Rajabu, 1362 Hijria

Ndugu yangu mpenzi Mejumaa,

Salamu zikufikie wewe, shemeji na wote waliomo nyumbani hapo Lamu. Magoti yako je, yamepoa? Mie mwili mzima, alhamdulillahi, ila roho haijakaa mahali pake. Nakaa, nainuka, nashika ufagio, naacha. Hata sasa naandika huku nasikiliza mlango.

Ni mwanangu Mwanaesha. Damu haikatiki tangu Mfungo Nane, miezi miwili sasa, na sasa homa imeingia, tumbo haligusiki. Mama mkwe wake akashika kuwa ni pepo, tukampeleka kwa fundi wa pepo, Majengo. Fundi akafukiza ubani, akasema huyo ni rohani, ataka pete ya fedha ndipo amwache. Mwanaesha akacheka. Alicheka, Mejumaa, huku kashika tumbo, hata fundi akanuna akasema pepo huyu hana adabu. Njiani akaniambia pete ya fedha anayo tayari, imo ndani mwake.

Wakumbuka uzazi wake wa tatu, tulivyokwisha kumlilia? Mkunga alimwonya kuwa wa nne utamuua. Basi akaenda kwa siri kwa daktari wa kike wa Kihindi, akatiwa kipete cha fedha kwenye nyumba ya uzazi, mimba isishike. Aliambiwa arudi baada ya mwaka kitolewe. Daktari mwenyewe akaenda kwao Bombay, vita vikamfungia huko. Kipete sasa kimezama nyamani.

Hospitali wasema apasuliwe upesi, lakini mumewe atie sahihi. Na Jamaldin hajui kitu, kila Ijumaa aomba mtoto wa kiume. Mwanaesha aliniapisha nisimwambie, ati bora afe akiwa mke wa mtu kuliko apone aachwe.

Ndugu yangu, nimemwambia. Leo baada ya alasiri nimemweleza yote, macho yangu mkekani. Akaweka kikombe cha kahawa, akavaa kofia, akatoka. Nami najiambia amekwenda kwa kadhi.

Ngoja, mlango wabishwa.

Mejumaa, ni yeye, na mahamali wawili na kitanda cha kamba. Ameniuliza jambo moja tu, kwa nini sote tulimwogopa hivyo. Tayari wanamlaza Mwanaesha, naye ananitazama mimi. Amekwisha jua ni nani aliyesema.

Nafunga buibui niwafuate hospitali. Mwombeeni mwanetu, na watoto wako nawabusu wote.

Nduguyo akupendaye,
Tumu