Ndevu za Beki Wetu

Jumapili.

Kombe la vijana alilotoa tajiri wa mabasi tumelichukua, Namanyere tumewachapa mbili bila, lakini ugali umenishinda.

Hakuna mzee Sumbawanga anayejua mpira kuliko mimi. Beki wetu ana mke na watoto wawili. Mwalimu wa timu alimkataa kwa umri wake, nikamwambia mpira aniachie mimi. Ndevu nilimnyoa mwenyewe asubuhi, akapita kama mwanafunzi.

Uwanjani akamkanyaga mtoto mmoja wa Namanyere, mdogo kabisa. Mguu ulivyovunjika niliusikia pale nilipokaa.

Mama yake akanijia. "Shikamoo mzee. Yule aliyemuumiza mwanangu ana miaka mingapi?"

"Marahaba. Kumi na sita."

Akafuta machozi. "Haya baba. Ni watoto tu, wakicheza wanaumizana."

Nami nikaitikia kwamba ndiyo, ni watoto.