Pikipiki Niliyoiosha

Monique, jirani yangu Alal ameniambia mchana huu: yule mtu wa Kansanga aliyemwuzia mjukuu wangu Fabiano pikipiki kubwa amechukuliwa na askari. Amechukuliwa, dada! Na atamtaja aliyeinunua.

Jana ilikuwa nyeusi, inang'aa. Fabiano ameikalia kama waziri. Nikamwambia, "Shuka. Kwetu kitu hakilali nyumbani kabla bibi hajakiosha."

Nikaiosha. Kwa majivu na katani, Monique, kama ninavyosugua sufuria! Rangi nyeusi ikatoka. Chini yake kijani. Kijani cha jeshi, na namba zao nyeupe.

Kumbe Odoch, yule polisi jirani, amesimama mlangoni.

"Mama, unaosha nini?"

"Naosha pikipiki ya Fabiano."

Akatazama. Akatazama tena. "Mimi sijaona kitu. Lakini Bugolobi hii polisi si mimi peke yangu."

Mikono yangu, dada. Mikono yangu hii ndiyo iliyoifichua! Baba yake Fabiano walimchukua hivyo hivyo, hatukupata hata kiatu.

Sasa tumeizika nyuma ya nyumba, tumeinua matuta ya viazi juu yake. Lakini matuta bila jani hata moja, nani hatauliza? Nitumie marando ya viazi ya kupanda, mengi, leo hii, jua halijashuka. Karatasi hii ichome.

Nimemwambia Fabiano akimbie kwa wajomba zake. Amesema, "Nipumzike kidogo tu, bibi."

Amelala hapo hapo kati ya matuta, jembe mkononi.